Nilikwenda Kisumu Yaya, Nikarudi Kaka wa Bibi Harusi

Haya, wenzangu, nimesalimu amri. Tangu nirudi sijateka hata ndoo moja ya maji kwa amani. Nikifika bombani naulizwa, nikienda kununua mkaa naulizwa, na juzi matangani, watu wanalia, jirani yangu mmoja ananinong'oneza, "Zena, ni kweli yule msichana wa Kihindi alivuka makapu ya samaki?" Matangani, jamani! Basi nimeamua kuandika mara moja, kila mtu asome au asomewe, niachwe nipumue. Herufi za Kiarabu nilizijua tangu chuo cha Kurani, lakini herufi hizi za Kizungu amenifundisha Mzee Harilal hapa barazani kwangu. Mkikuta makosa, mlaumuni yeye.

Majengo hadi stesheni

Kwa asiyejua, Sarla nilimlea mimi. Mama yake alifariki mtoto hajaota meno, baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, na mimi ndiye niliyekuwa yaya. Mgongo huu huu ndio uliombeba. Alijua Kiswahili kabla ya Kigujarati, na mimi alizoea kuniita Dada, mpaka leo. Baba naye akafa, kaka yake Jayanti akalishika duka, Sarla akaozwa Kisumu. Ndoa haijapoa, mume akashikwa na homa, akafariki.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwa desturi ya nyumba ile mjane haolewi tena. Walimvunja bangili mikononi, wakamvika nyeupe, wakampa kona ya jikoni. Halafu kijana mmoja wa hapa Majengo anayefanya kazi kwenye gari la moshi akaniletea habari kwamba Kantilal, yaani shemeji yake Sarla, ndugu wa marehemu, anampeleka Mombasa wiki ile ile ampandishe meli. Anapelekwa India kwa mama mkwe, akampikie na kumkanda miguu mpaka siku ya kufa kwake. Msichana mwenyewe India hajaiona hata kwa dirisha! Nililia nikarusha mwiko, na aliyekuwa jirani siku ile anajua mwiko ulipoangukia.

Mzee Harilal ndiye yule wa miwani na kofia nyeupe anayekunywa chai kwangu. Mnamjua, lakini labda hamjui kwa nini Wahindi wenzake wengi hawamwamkii. Huko kwao, akiwa kijana, alisimama mbele ya hekalu akasema Mungu hakuumba watu wa juu na watu wa chini, na mjane naye ni mtu, aolewe. Wakamcheka. Yeye akaenda akamwoa mjane, ndiye huyu mkewe Mama Ganga. Hapo hawakucheka tena, walimpiga mawe, na lile kovu la juu ya nyusi lilitokea siku ile. Serikali ya Mwingereza nayo ikamwita mchochezi. Akavuka bahari kuja huku, na huku nako akakuta serikali ni ile ile, na maneno ya watu ni yale yale. Hakuacha.

Nilipomweleza habari ya Sarla, aliweka kikombe chini.

"Bi Zena, kesho tunakwenda Kisumu."

"Kufanya nini, Mzee?"

"Kuoza. Kuna mtu amengoja miaka aulizwe."

Mtu huyo ni Ramesh, mwalimu wa shule, kijana mpole mpaka anakera. Walicheza pamoja utotoni, uchochoro mmoja, na alipotaka kumposa Sarla zamani aliambiwa ukoo wake ni wa chini. Sasa shauri lilikuwa hivi: tufike Kisumu, Sarla atoke, waozwe siku hiyo hiyo uani kwa rafiki mmoja wa Mzee. Akishakuwa mke wa mtu, Kantilal ataanzia wapi kumpandisha meli?

Ila Mzee alisema harusi yao inamtaka kaka wa bibi harusi, ana kazi yake pale mbele ya moto. Basi nikaenda dukani kwa Jayanti. Alikuwa anakunja kitambaa, akakikunja na kukikunjua, hanitazami. "Nitakuja stesheni, Dada Zena," akasema kwa sauti ya chini, maana mkewe alikuwa nyuma ya pazia. Nikamwamini. Kwani yeye naye sikumfuta kamasi?

Asubuhi stesheni tukakutana: mimi na kapu langu la mahamri, Mzee na mwavuli wake, Ramesh na tai shingoni utadhani anakwenda kupigwa picha. Mama Ganga akaniwekea mikononi bati la biskuti lililofungwa kwa kamba. "Bi Zena, hili litunze wewe. Hawa wanaume watalisahau." Nikalitikisa, nikasikia bisi. Nikasema moyoni, mama wa watu ana huruma, ametufungia vya njiani.

Jayanti hakutokea. Mzee alikuwa anatazama lango, Ramesh anatazama Mzee, kengele ikalia. Nilimwapiza yule Jayanti kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nairobi hadi Nakuru

Mzee Harilal hupanda daraja la tatu siku zote. Mkagua tiketi alipomwona amekaa nasi kwenye benchi la mbao akadhani mzee wa watu amepotea.

"Bwana, mabehewa ya Wahindi ni yale ya mbele."

"Nayajua," akajibu Mzee. "Nimeyachoka."

Mkagua tiketi akakuna kichwa, akaenda zake, na behewa zima likacheka. Hapo tukawa watu wa nyumba moja, isipokuwa mimi na mama mmoja wa Kijaluo aliyekuwa ameeneza makapu yake matupu juu ya benchi, harufu ya samaki mpaka machozi. Alikuwa muuza samaki, ameuza Nairobi, anarudi Kisumu.

"Mama, makapu nayo yamekata tiketi?" nikamwuliza.

"Na wewe makalio yako yamekata tiketi ngapi?" akajibu.

Lo! Nilisimama, naye akasimama. Kama si Mzee kuingilia na mwavuli wake, tungeshikana. Mzee alichukua kapu moja, akalipakata mapajani juu ya ile dhoti yake, shuka nyeupe ya kiunoni, akaendelea kutazama nje. Mama yule alimtazama, akanitazama mimi, akaona haya. Akayapanga makapu chini. Jina lake Mama Akinyi, na nawaambia mapema mliweke akilini.

Tulipokuwa tunateremka Bonde la Ufa, Ramesh akaanza kuniuliza habari za Sarla. Bado anapenda ukwaju? Bado akicheka hufunika mdomo? Mimi nikamwambia, mwanangu, sijamwona akicheka tangu aolewe, tukamchekeshe kwanza ndipo tujue. Akageukia dirisha. Nilijuta, maana alikuwa na wasiwasi wake wa kutosha.

Matope ya Molo

Tulipita Nakuru salama, tukanywa chai ya maziwa, tukapanda kule juu kwenye baridi. Mvua ikatuandama. Mbele kidogo ya Molo gari likapunguza mwendo, likapiga kelele, likasimama. Wakasema udongo umemomonyoka umefunika reli, na watu wameitwa na sepetu. Lini? Hakuna ajuaye.

Jamani, Molo kuna baridi! Mimi mtu wa Lamu kwa mama, nilijifunika leso zangu zote na bado meno yakagongana. Usiku ukapita tukiwa pale pale, na asubuhi mahamri yangu yalikuwa yamekwisha zamani, watu hawana kitu, watoto wanalia. Mtoto wa mama mmoja karibu nasi alilia mpaka sauti ikakauka. Na kila saa ikipita mimi namwona Kantilal anafunga sanduku la Sarla.

Ndipo nikakumbuka bati. Mnanijua mimi, siwezi kula peke yangu mbele ya mtu mwenye njaa, nilivyolelewa ni aibu kubwa. Nikakata kamba. Ndani kumejaa bisi nyeupe, laini, za mpunga, si za mahindi kama zetu. Nikampa yule mtoto, nikampa mama yake, nikapitisha bati behewa zima, kila mtu mkono mmoja. Mama Akinyi akachota, akasema tamu. Mzee Harilal, ambaye alikuwa anasoma kitabu chake dirishani, alinyoosha kiganja bila kutazama, akala, akanyoosha tena.

Ikawa furaha. Mtoto akalala. Mzee akafumba kitabu, akajipangusa mdomo, akauliza, "Bisi nzuri. Nani ametupa?"

"Mama Ganga," nikasema, na nikamwonyesha bati, limebaki unga tu.

Wenzangu, sijaona uso wa mtu ukibadilika vile. Alilishika bati, akachungulia ndani, akanitazama, akachungulia tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, mpaka akanitia hofu.

"Bi Zena," akasema, "tumekula harusi."

Akanieleza. Zile bisi hazikuwa chakula. Kwao, bwana na bibi harusi wakisimama mbele ya moto, kaka wa bibi harusi humimina bisi za mpunga mikononi mwa dada yake, naye dada huzitia motoni. Ndiyo kazi ya kaka. Maana yake nyumba aliyotoka inamtoa kwa baraka, wala hajatupwa. Mama Ganga alikaa jioni nzima akizikaanga moja moja zisiungue.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini tulikuwa juu ya reli. "Mzee, nisamehe. Na wewe si umekula!"

"Nimekula sana," akasema. "Sasa hebu tuhesabu mali yetu. Bisi hatuna. Kaka hatuna. Tumebaki na bibi harusi, na yeye pia hatujampata."

Ramesh hakucheka. Aliinamisha kichwa akashika tai yake. Mzee akamgusa bega, akamwambia aliyelishwa bisi ni mtoto mwenye njaa, na hakuna moto wa kuzipokea vizuri kuliko ule. Maneno mazuri, lakini mimi moyo haukutulia. Mpaka reli inasafishwa na gari kuondoka, nilikuwa nimekata tamaa mara tatu na kurudisha mara nne.

Kisumu, pale stesheni

Tuliingia Kisumu kesho yake jua limeshapanda, tumechelewa kabisa. Upande wa pili wa stesheni kulikuwa na gari jingine limeelekea Nairobi, moshi unatoka, watu wanapanda. Nikateremka na kapu langu, miguu imevimba, na kitu cha kwanza nilichokiona ni nguo nyeupe.

Alikuwa yeye. Amesimama kando ya behewa la daraja la pili, amekonda, mikono mitupu, sanduku dogo miguuni. Kantilal yuko pembeni yake, suti na kofia, anaita kuli abebe mizigo. Lau matope yale ya Molo yasingetuchelewesha, tungebisha mlango wa nyumba, tufungiwe nje bila kumwona. Lau yangetuchelewesha kidogo zaidi, tungepishana njiani. Alhamdulillahi!

"Sarla!" nikapiga ukelele.

Aligeuka. "Dada?" Hakukimbia. Alisimama tu, kama hana ruhusa ya kutembea. Mimi ndiye niliyekimbia, na miguu yangu hii.

Kantilal akaniwekea mkono mbele. "Yaya, rudi nyuma. Haya ni mambo ya nyumba yetu."

"Nyumba yenu ilikuwa wapi nilipokuwa namlisha uji?"

Mzee Harilal akafika taratibu, mwavuli mkononi. Kantilal alimtambua, akasema maneno makali ya Kigujarati, na Wahindi waliokuwa pale wakasogea kusikiliza.  Mzee alimgeukia Sarla, akamwuliza kwa Kiswahili ili sote tusikie.

"Binti, unataka kwenda wapi?"

"Mjane hana la kusema," akadakia Kantilal.

"Nimemwuliza yeye."

Filimbi ya kwanza ikalia. Nikamwona Sarla anamtazama Ramesh, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na tai imekaa upande, matope magotini. Hakusema neno, yule kijana! Nilitaka kumfinya. Kumbe alivyonyamaza ndivyo ilivyokuwa sawa, maana Sarla aliachiwa aseme mwenyewe.

"Nataka Nairobi," akasema. Sauti ndogo. Kisha akaikaza. "Nataka kuolewa."

Watu wakaguna. Kantilal akamshika kiwiko. Na hapo ndipo Mama Akinyi, yule adui yangu wa makapu, alipoingia. Alikuwa amesimama na wenzake wanne watano waliokuwa wanapanda gari la Nairobi na samaki wao. Alipiga kelele kwa Kijaluo, sijui alisema nini, lakini nilisikia jina langu na neno bisi. Wale mama wakacheka, wakajitwisha makapu, wakaja. Mmoja akapita katikati ya Sarla na Kantilal, samahani yake kubwa na kapu kubwa zaidi, mpaka mkono ukaachia. Halafu wakaenda mpaka mlango wa daraja la tatu, wakatua makapu yao yote mlangoni, ngege wakavu na dagaa mpaka juu, wakakaa.

"Mama, kuja!" wakamwita Sarla. "Kuja kwetu huku!"

Hapo lazima niwaeleze. Nyumba ile haigusi samaki wala nyama. Si kwamba hawali tu: hata kivuli cha samaki kikianguka chunguni, chungu kinavunjwa. Na Sarla amelelewa hivyo hivyo. Mimi nilipokuwa yaya, nikila dagaa kwangu, ilikuwa sharti nioge ndiyo nimbebe.

Sarla alifika mlangoni akasimama mbele ya yale makapu.  Akakusanya ile nguo nyeupe mpaka juu ya vifundo vya miguu, akainua mguu. Wa kwanza ukavuka. Wa pili ukakwama, akaanguka na magoti yote mawili ndani ya dagaa. Wale mama wakamshika kwapani, wakamvuta ndani kwa vigelegele.

Kantilal alikimbia mpaka mlangoni. Alisimama. Akatoa kitambaa akaziba pua. Akanyanyua mguu, akaurudisha. Mama mmoja akamwinulia ngege kwa mkia, kwa adabu kabisa, akasema, "Karibu, bwana." Filimbi ya pili ikalia, naye akakimbilia daraja la pili, maana mizigo yake ilikuwa huko.

Sisi tukapandia mlango mwingine. Sikupata hata kumuaga Mama Akinyi. Alibaki pale stesheni anapunga mkono na makapu yake matupu, na nikikutana naye tena lile benchi lote ni lake.

Kati ya makapu

Furaha yenyewe haikudumu, maana Kantilal alikuwa mabehewa machache tu mbele yetu na Nakuru gari husimama sana. Ramesh akasema atakuja na askari. Mimi nikasema aje, nami nina kisigino cha kumkanyaga.

Sarla alikaa kati ya wale mama. Kwanza alipumulia ndani ya leso yangu. Baada ya Muhoroni alikuwa ameitoa. Wakampa viazi vitamu kutoka kwenye kitambaa kilichonuka ngege, akakitazama kiazi, akanitazama mimi, akala. Wakamwuliza kwa nini hana bangili. Akawaeleza. Mama mmoja akavua ya kwake, ya waya wa shaba, akamvisha bila kusema kitu. Hapo mwanangu alilia, na mimi nikalia, na Ramesh akajifanya anatafuta mwavuli.

Mzee Harilal akamwambia habari ya bati la bisi, akaigiza namna alivyonyoosha kiganja mara ya pili bila kutazama. Sarla akacheka. Akafunika mdomo. Nikamwona Ramesh anaona, nikajua swali lake limejibiwa.

Nakuru tukasimama. Kantilal alikuja kweli, lakini bila askari. Alisimama mbali na dirisha letu, kitambaa puani, watu wa daraja la pili wanachungulia nyuma yake.

"Umekaa na samaki siku nzima!" akafoka, kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka kila mtu amjue Sarla ni nani. "Umekula nao! Utaingiaje tena jikoni kwa mama yangu? Hatukutaki! Kwetu umekufa!"

Sarla akageuka mweupe kama nguo yake. Mimi nilikuwa nimeshainuka nimjibu, lakini Mzee Harilal alinitangulia dirishani, amefumbata viganja kifuani kwa heshima.

"Ndugu yangu, tafadhali rudia. Watu wa nyuma hawakusikia."

"Hatumtaki!" akanguruma. "Nyumba yetu haina haja naye!"

"Mmesikia?" Mzee akatugeukia, uso unang'aa. "Mashahidi, mmesikia?"

"Tumesikia!" behewa zima likaitikia, na nje nako wakaitikia.

Kantilal akashusha kitambaa puani. Nadhani ndipo alipojua alichofanya. Alikuja kumtia aibu, akamfungulia mlango. Meli gani tena, na mama mkwe hawezi kumpokea? Tulipiga vigelegele mpaka mkagua tiketi akaja kuuliza nani amejifungua.

"Usimcheke sana, Bi Zena," Mzee akaniambia gari lilipoondoka. "Naye ana mama anayemwogopa." Mimi nilicheka mpaka Naivasha.

Uani kwangu

Nairobi, kumbe habari imetutangulia. Kila ukumbi wa Wahindi ulifungwa, ufunguo umepotea, fundi hayupo, kuna rangi mbichi. Mzee akauliza tu, "Bi Zena, uani kwako ni pa upana gani?"

Nanyi mlikuwapo, kwa hiyo sitawaeleza mlivyofagia, wala aliyeleta mikeka, wala nani alikula laddu nane, zile halua zao za mviringo, akasema nne. Nawaambia yale msiyoyasikia. Ilikuwa lazima tumalize mapema kwa ajili ya kafyu, serikali haitaki mtu nje usiku. Mama Ganga alimvika Sarla sari nyekundu iliyokwisha kupauka, ile ile aliyoolewa nayo yeye siku ya mawe. Akamwacha na bangili ya shaba mkononi. Mpunga haukupatikana, basi nikakaanga bisi zetu za mahindi kwenye sufuria langu.

Moto ukawashwa. Mzee akasoma maneno yao. Kisha akatazama huku na huku.

"Kaka wa bibi harusi?"

Sarla akainamisha kichwa. Mmoja wenu akakohoa.

"Aliyemlea yuko wapi?" Mzee akauliza.

Nikamvuta kando. "Mzee, mimi ni mwanamke. Na mimi ni Mwislamu, moto siuabudu."

"Mwite Mola wako unavyomwita. Hujaombwa kuuabudu moto. Wewe mwekee huyu mikononi, ajue kuna nyumba inayomtoa kwa baraka."

Vitabu vyake vinasema kaka, na wenzake wangempiga mawe tena kwa hilo. Nikamtazama lile kovu. Nikaona, kama yeye aliweza mawe, mimi siwezi bisi?

Nikasimama mbele ya mwanangu. Akaniwekea viganja viwili. Nikasema bismillahi, nikamimina. Akazitia motoni, na yale mahindi ambayo hayakupasuka kwenye sufuria yakapasukia pale, pa! pa! pa! Ramesh akaruka nyuma, mkasikia kicheko changu mpaka Shauri Moyo.

Nilipokuwa namimina mara ya pili, lango likalia. Jayanti. Amesimama na mfuko wa karatasi, jasho linamtoka, macho mekundu. Ndani ya mfuko, bisi za mpunga. Mkewe ndiye aliyezikaanga, akamsukuma nje ya mlango nazo. 

Damu ilinichemka. Sikuondoka mahali pangu. "Umechelewa," nikamwambia. "Kaka ameshapatikana."

Aliinama pale pale langoni. Sarla ndiye aliyesema, mikono yake bado imeinuliwa.

"Jayanti, njoo. Simama nyuma ya kaka yangu."

Akaja. Akasimama nyuma yangu, kweli, mtu mzima na duka lake. Nikamwachia amimine zake juu ya zangu, mpunga juu ya mahindi, na Sarla akazitia zote motoni pamoja. Mama Ganga alilia kwa sauti. Alisema siku yake yeye hakuna aliyemmiminia, alichota mwenyewe.

Sasa Ramesh na mkewe wamepata chumba kule Ngara, na jioni mnamwona akipita hapa na baiskeli. Jana alinikuta kwenye foleni ya bomba, watu wamejaa. Akashuka, akavua kofia, akaniambia, "Shikamoo, shemeji." Kuna mtu akacheka, akamsahihisha kwamba Bi Zena ni yaya wa mkewe.

"Hapana," akasema Ramesh. "Huyu ndiye kaka yake mkubwa."

Nikachukua ndoo yangu nikapita mbele ya foleni, na hakuna aliyethubutu kunizuia.